Mashudu ya Nyonyo

Siku ile siikumbuki kwa tarehe, mwanangu, naikumbuka kwa harufu. Ilikuwa harufu ya nyonyo iliyokamuliwa, nzito, inayokwama kooni, ikitoka kinuni kwa baba yangu na kutanda mtaa mzima. Kabla ya siku ile kinu chetu kilinukia ufuta. Watu wa Bagamoyo walikuwa wakipita nje wakivuta pumzi na kusema, "Kwa Mzee Kombo leo wanakamua." Siku ile walipita wameziba pua kwa kanga na kwa ncha za vilemba, na mimi niliyekuwa nimekaa kizingitini nikawacheka. Nilikuwa msichana, nimeposwa, na kicheko kilikuwa karibu.

Nakuita mwanangu ingawa wewe ni mjukuu, Rajabu, kwa kuwa neno ninalotaka kukupa ni la mzazi. Juzi ulinijia na chupa ya mafuta yako. Ukaniambia umeyakamua mwenyewe huko shambani kwako Mapinga, kwa nyonyo ulizopanda na wenzako. Ukasema ni ya kulainishia mashine, na kwamba yakimwagika chini yanaoza na kurudi udongoni, hayaharibu kisima wala mto kama yale meusi ya gereji. Nikafurahi, wallahi. Mlango wangu huu unalia kila ukifunguliwa, nawe ukasema, "Bibi, tia tone kwenye bawaba, utaisahau kelele yake." Kisha nikakuuliza, na mashudu je? Wale akina mama unaowaajiri kubangua na kukamua, wanajua kwamba mashudu ya nyonyo yanaua? Ukacheka. Ukasema, "Bibi, nikiwaambia sasa watakimbia wote. Acha kwanza kazi ishike."

Chupa yako nimeiweka dirishani, sijaifungua. Keti hapo, simu itie mfukoni, unisikilize. Sina sauti ya kurudia.

Baba yangu alikuwa na kinu cha ngamia. Nyinyi hamkukiona, kwa hiyo nitakueleza. Ni gogo kubwa lililochimbwa katikati, ndani yake kuna mchi mnene ulioinama upande, mchi umefungwa kwenye boriti, na boriti imefungwa kwa ngamia. Ngamia huzibwa macho kwa kitambaa asipate kizunguzungu, akazunguka mchana kutwa, mchi ukasaga, mafuta yakachuruzika kwa chini kwenye karai. Yanayobaki ndani ni mashudu. Mashudu ya ufuta ni chakula. Sisi tulikua tukiyatafuna kwa sukari guru, na kuku na mbuzi wa mtaa mzima waliishi kwa hayo.

Lakini kabla ya mtoto na kabla ya kuku, fungu la kwanza lilikuwa la ngamia. Lilitolewa kinuni lingali na joto, likabebwa kwa mikono miwili na kupelekwa mdomoni mwake. Tuliliita haki ya Mabruki, maana Mabruki ndilo jina lake, na ngamia wa kabla yake naye alikuwa na haki hiyohiyo. Hakuna aliyelihesabu fungu lile kuwa ni mashudu. Ukimwambia mtu wa kinu, "Mashudu yote yaweke," atayaweka yote baada ya kutoa haki ya ngamia, na hataona kwamba amekwenda kinyume na wewe hata chembe.

Aliyemwendesha Mabruki alikuwa kijana jina lake Shomari. Baba yake na baba yangu walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana, na baba yake alipofariki, Shomari akalelewa kwetu, akakulia kinuni. Alikuwa mtu wa haya, mwenye maneno machache kwa watu. Kwa Mabruki alizungumza kutwa nzima, akimweleza habari za mji kana kwamba mnyama yule ana jamaa anaowaulizia. Mimi nilikuwa kinyume chake. Mdomo wangu unaujua, na wakati ule ulikuwa na meno yote. Baba alipoona jinsi tunavyotazamana, hakukasirika. Alimwita Shomari barazani, akamwambia, "Kama unamtaka, mpose, usinichungulie binti yangu kama mwizi." Basi tukaposana, na harusi ikawekwa baada ya mfungo. Nakuambia haya ujue kwamba baba yangu hakuwa mtu mbaya. Ningekuwa na baba mbaya ningekwisha sahau zamani.

Huo ulikuwa wakati wa vita vya pili vya wazungu. Nguo ya shida, sukari ya shida, mafuta ya taa ya kugombania. Bara ya mji kulikuwa na shamba la mkonge, kubwa, lenye reli zake na matoroli ya kubebea majani mpaka kwenye korona, yaani ule mtambo wa kusagia mkonge. Vita viliutaka mkonge kwa kamba, lakini vita hivyohivyo vilikula meli zilizokuwa zikileta grisi. Matoroli yakawa yanalia relini, magurudumu yanakwama, watu wanasukuma mpaka mishipa inawatoka. Siku moja akaja msimamizi wa shamba lile, mtu mnene wa maneno matamu, akaketi barazani kwa baba. Akasema mzungu wao amesikia kwamba wazee wa zamani walipaka mafuta ya nyonyo kwenye magurudumu ya mikokoteni. Je, Mzee Kombo anaweza kuyakamua kwa wingi?

Baba akasema anaweza. Na kweli mafuta ya nyonyo yana sifa yake, wewe mwenyewe umeiona. Ni mazito, yanashika chuma na hayaachii upesi. Ukiyatia kidoleni ukasugua, unahisi kama kuna ngozi nyingine juu ya ngozi yako. Kazi yake ndiyo ngumu. Maganda tuliyaanika juani kwenye majamvi, yakawa yanapasuka yenyewe na mbegu zikiruka hata zikatupiga usoni. Sisi wanawake tulibangua huku tunapiga chafya na macho yanatuvimba. Mafuta yakitoka kinuni yalichemshwa na maji ili utelezi wake utengane, yakaenguliwa, kisha yakarudishwa motoni yenyewe kukausha maji yaliyobaki. Tulitumbukiza utambi ndani, tukauwasha. Ukiwaka kwa kutatarika, bado kuna maji, na mafuta yenye maji yatatia chuma kutu. Ukiwaka kimya, yameiva.

Nyonyo zenyewe zililetwa na mwanamke wa Kikwere kutoka Vigwaza, Bi Mwanaidi, mtu mzima mwenye punda na sauti kubwa. Alipoleta mzigo wa kwanza, baba alimpeleka pembeni wakazungumza faragha kwa kitambo. Mimi nilidhani wanapatana bei. Sikuwa na sababu ya kudhani vingine.

Sasa sikiliza vizuri. Siku ya kukamua mara ya kwanza, mafuta ya karai za mwanzo yalipoiva, msimamizi alikuwa amekwisha fika kuyachukua, na baba akapanda naye gari kwenda shambani kuona yakijaribiwa. Akiwa mguu mmoja garini, alimgeukia Shomari akasema, "Mashudu yote yatie maguniani, mpaka nirudi." Basi. Hakusema kwa nini. Shomari akaitikia, "Naam, mzee." Gari likaondoka.

Mchi ulipoinuliwa, Shomari akakusanya fungu la kwanza, lina joto, akalipeleka kwa Mabruki kama alivyofanya siku zote za maisha yake. Usimwone mjinga. Kila mama wa Pwani alimkataza mtoto kuweka mbegu ya nyonyo mdomoni, hilo alilijua. Lakini mafuta ya nyonyo tulikuwa tukinyweshwa kijiko tumbo likifunga, na tuliona yanavyotukimbiza uani. Basi sote tuliamini kwamba ukali wa nyonyo umo katika mafuta, na ukiyakamua yote, kinachobaki ni pumba tu. Nani angejua kwamba mambo yako kinyume, kwamba mafuta hutoka na sumu ikabaki nyuma?

Mabruki alinusa, akageuza uso. Hilo nililiona kwa macho yangu, maana nilikuwa nimekaa karibu nabangua. Shomari akamfuata mdomo kwa upole, akamwambia, "Kula, bwana. Ni yako." Mnyama akala. Hakuwa na desturi ya kukataa kitu kutoka mkono ule. Yaliyobaki yakatiwa maguniani kama baba alivyoagiza, midomo ikashonwa.

Kesho yake Mabruki hakusimama. Tumbo lilimwendesha, akakataa maji, akakataa majani, akawa anatetemeka ngozi. Shomari alilala pale, akala pale, kama alikula. Baba alirudi kutoka shambani siku iliyofuata, ana furaha, mzungu amependa mafuta, matoroli yanakwenda kimya. Alipofika uani akamkuta ngamia amelaza shingo chini. Hakuuliza tangu lini wala hakuuliza anaumwa nini. Aliuliza, "Amekula nini?"

Shomari akasema, "Haki yake, mzee."

Nilimwona baba akishika boriti. Kisha akatuambia sote tutoke, wanawake na vibarua, akabaki yeye na Shomari na mnyama. Mabruki akafa kabla ya adhana ya alasiri.

Kifo cha ngamia si kifo cha kuku, mwanangu. Mtaa ulijaa. Watu walikuja kama msibani, wengine wakimpa baba mkono wa pole. Na katikati ya watu, Shomari, ambaye hakuwa na mazoea ya kusema mbele ya watu, akasema kwa sauti ya chini, "Labda ni yale mashudu." Baba akageuka mbiombio, "Mashudu gani yameua ngamia tangu dunia iumbwe?" Watu wakatikisa vichwa. Nani alipata kusikia mashudu yanaua? Baba akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetafuta njia gizani, "Umemwacha juani bila maji. Nimekuachia mnyama mzima, umenirudishia mzoga."

Nilidhani ni uchungu unaosema. Mtu akifiwa husema lolote. Nikangoja apoe.

Hakupoa. Habari ikaenea kwamba Shomari alimzungusha ngamia siku nzima bila maji ili aonekane hodari. Ikafika kwa imamu wa msikiti wetu, naye akaona vema jambo lisuluhishwe kwa heshima. Baada ya swala ya Ijumaa wazee wakaja barazani kwetu. Sisi wanawake tulikuwa ukumbini nyuma ya pazia. Imamu akauliza, baba akasema yake. Shomari akaulizwa, akasema, "Maji nilimpa. Niletewe msahafu niape." Aliongea wazi, hata nikajivunia. Kwa desturi yetu, mwenye kudai akikosa shahidi, mwenye kukana huapa, na akiapa jambo limekwisha, jina lake linarudi safi, wala hakuna mtu atakayelitia ulimini tena. Shomari alikuwa anaomba haki yake, kama Mabruki alivyokuwa na yake.

Baba akanyanyua mkono. Akasema, "Hapana haja ya kiapo. Huyu ni mwanangu. Nimemsamehe."

Barazani wakasema, "Mashaallah." Mzee mmoja akamwombea baba dua kwa moyo wake mkubwa. Imamu akafunga kwa fatiha. Na mimi nyuma ya pazia nikafurahi pia, kwa kuwa nilisikia tu neno kusamehe, na masikio yangu yalikuwa ya bibi harusi. Shomari ndiye peke yake aliyebaki amesimama. Akasema, "Mzee, mimi sikuomba msamaha, naomba kuapa." Wakamwambia akae chini, asiwe mtovu wa adabu, amesamehewa anataka nini tena.

Umeielewa hiyo, Rajabu? Mimi ilinichukua muda. Ukimsamehe mtu mbele ya mji kosa ambalo hakulitenda, umempa kosa lile liwe lake mpaka kaburini. Angetukanwa angejibu. Angeshitakiwa angejitetea. Amesamehewa, ajibu nini?

Posa ikavunjwa wiki hiyohiyo. Baba alisema amemsamehe, lakini binti hawezi kumpa mtu asiyeaminika na mnyama. Shomari akatoka kwetu na kanzu yake na kile kitambaa cha macho cha Mabruki. Hakuniaga, maana hakuruhusiwa. Nilimwona mgongo tu, anapinda kona kushika njia ya kusini.

Kisha Bi Mwanaidi akaja na mzigo wa pili. Alimkuta punda kwenye boriti mahali pa ngamia, akauliza, nikamweleza. Yule mama akatua kapu lake chini. Akasema, "Alipewa mashudu?" Nikamwambia ndiyo, haki yake. Akapiga paja, "Mamaa! Na baba yako nilimwambia kwa mdomo wangu huu! Nilimwambia mashudu ya nyonyo yafukiwe, hata mbwa asiyaguse, kule kwetu yamemaliza mbuzi wa watu. Akaniambia, Bi Mwanaidi, nimesikia, lakini usimwambie mtu mwingine hapa, kinu hiki ndicho kinacholisha mji."

Basi nikajua. Baba alijua tangu mwanzo. Alinyamaza kwa sababu mji ukisikia kwamba kinu cha ufuta kinasaga sumu, hakuna atakayenunua tena mafuta ya kupikia kwetu. Alikusudia kuyafukia mashudu yale mwenyewe, kimyakimya, akirudi. Na ngamia alipokufa ilimbidi achague, aseme kweli na kukiponza kinu, au atafute mtu wa kubeba. Alimpata aliyekuwa karibu naye kuliko wote.

Sikunyamaza. Nimesutwa kwa mengi katika umri huu, lakini kwa kunyamaza hapana. Nilijitanda buibui nikaenda nyumbani kwa imamu, nikamsimulia mbele ya mkewe. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwa upole, "Binti yangu, una uchungu wa mchumba. Baba yako amekwisha samehe. Wewe unataka kufukua nini?" Nikarudi, nikamkabili baba mwenyewe, akiwa anahesabu tasbihi. Nikamwambia, "Baba, ulijua." Hakukana, ila hakuniangalia pia. Akasema, "Nguo uliyovaa imetoka kinuni. Na ya mama yako. Ningesema, mngevaa nini?" Nikamwambia ningevaa gunia. Akanipiga kofi, la kwanza na la mwisho maishani mwake, akatoka nje.

Niliolewa na babu yako, mtu mwema, Mungu amrehemu, na sina la kumlalamikia. Lakini nakuambia kweli, niliingia katika nyumba yake kama mtu anayehamia baada ya moto.

Na kinu je? Mafuta ya nyonyo yalikwenda shambani kwa madebe, matoroli yakanyamaza, baba akasifiwa na mzungu. Vita vikaisha. Meli zikarudi, mapipa ya grisi yakarudi, na msimamizi wa maneno matamu hakuonekana tena barazani kwetu. Baba akataka kurudi kwenye ufuta. Lakini Bi Mwanaidi hakuwa mtu wa kufungwa mdomo, na watu taratibu walikuwa wamehamia kwa mkamuaji mwingine, bila ugomvi, wakimsalimia baba vizuri tu na kupita. Kile alichokiogopa kikamfika, ila kwa kuchelewa, na wakati huo hakuwa na ngamia wala Shomari. Gogo la kinu lilikaa uani mpaka likaota uyoga.

Miaka ikapita, baba akaugua ugonjwa wake wa mwisho. Siku moja mchana akaniita, akawatoa wengine, akaniambia, "Zuhura, mtafute Shomari. Mwambie nilijua, naomba radhi yake. Akitaka nitaapa mbele ya imamu." Nikauliza nimtafute wapi. Akasema, "Yuko Mapinga."

Mapinga, Rajabu! Hapo unapolima. Ukitoka alfajiri kwa miguu, adhuhuri haijaingia umekwisha fika. Na baba alikuwa akijua miaka yote ile yuko wapi. Sikujua nicheke au nilie, nikavaa viatu nikaenda.

Nilimkuta anapalilia mihogo. Amepata mvi kabla ya wakati, ana mke mpole aliyenikaribisha kwa mkeka na maji, ana watoto. Nikatazama uani nikaona hakuna mbuzi, hakuna punda, hata kuku hakuna. Mkewe akaona ninavyotazama, akasema, "Yeye hataki kufuga, dada. Anasema hana mkono wa wanyama." Nilitaka kumwambia mwanamke yule kwamba mumewe alikuwa na mkono wa wanyama kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona, lakini nikanywa maji.

Shomari akaja, tukasalimiana kwa adabu, akaniuliza hali ya watoto, nikamuuliza ya kwake. Kisha nikampa ujumbe. Nikamwambia, "Baba yuko kitandani, hatainuka. Anakiri alijua habari ya mashudu. Anaomba radhi. Ukitaka atakiri hata mbele ya imamu, ataapa."

Alisugua udongo mikononi. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililonitisha. Akasema, "Mwambie hapana haja ya kiapo. Nimemsamehe."

Nilirudi na maneno yale njia nzima kama mtu aliyebeba kaa la moto kwenye upande wa kanga. Nikafikiri kumdanganya baba, nimwambie Shomari amelia, amemwombea dua. Lakini nyumba yetu ilikuwa imekwisha kula uongo wa kutosha. Nikamwambia vilevile, neno kwa neno. Baba akanitazama, akauliza, "Ndivyo alivyosema?" Nikasema, "Ndivyo." Akageukia ukutani. Hakuzungumza tena na mtu habari ya kinu, wala ya kitu kingine cha maana, mpaka tukamzika. Shomari alikuja mazikoni, akatia udongo wake kaburini na watu wengine, akarudi Mapinga kabla chai haijaandaliwa.

Sasa nasaha yangu, na sina nyingine kubwa kuliko hii. Kila kazi ina upande wake unaouma. Ukiujua, mwambie yule atakayeushika kwa mkono wake, na umwambie siku ya kwanza, kabla hajakaa chini. Usimwambie "yaweke maguniani mpaka nirudi." Mwambie kwa nini. Agizo lisilo na sababu mtu hulitimiza kwa mazoea yake, na mazoea ya watu wema ndiyo yatakayowaua, kwa maana hao akina mama wa Mapinga wana kuku na mbuzi nyumbani, na mashudu kwao ni chakula, na hakuna atakayeona dhambi kuyabeba nyumbani kidogo kwenye upande wa kanga. Watahadharishe pia juu ya watoto na mbegu zinazoruka uani. Wafunge pua wakibangua. Mashudu yafukieni shimoni panapojulikana. Wakikimbia, waache wakimbie. Watabaki wachache, na hao utaweza kuwatazama usoni ukiwa mzee kama mimi. Na likitokea la kutokea, sema mwenyewe kwamba ni lako. Usimtwike mtu kisha ukamsamehe.

Mafuta yako yanaoza yakimwagika, umesema, na mimi nakuamini. Neno ulilomficha mtu halina tabia hiyo. Mimi hapa nina miaka yangu yote hii, na bado naisikia ile harufu.

Nenda basi. Mola akupe riziki isiyomliza mtu, akupe ulimi mwepesi mahali pa kusema kweli na mzito mahali pa kujitetea. Awarudishe wale akina mama majumbani kwao kila jioni na macho yao na watoto wao na mbuzi wao. Akujaalie usipate kamwe msamaha kama ule niliombebea baba yangu. Chupa itakungoja pale dirishani. Siku utakayokuja kuniambia umekwisha waambia, tutaifungua, tutatia tone kwenye bawaba pamoja. Mpaka siku hiyo, mlango wangu na ulie.